Kutoka Mpakani Hadi Sikioni

Kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Marahaba. Ninaitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu nakujua: hata ukiwa umeudhika, hujawahi kuninyima shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama, ambaye habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu. Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Nilinuna, na mtu wa umri wangu akinuna, huita kununa kwake msimamo.

Tangu ulipopelekwa huko kufunga lifti katika majengo yao marefu, unaijua kanuni niliyoiweka: mwenye haja ndiye apigaye, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, haja zote ni zangu. Kubipu nilikukataza. Nilisema ni sawa na kugonga mlango wa mtu na kukimbia. Nikawa nakupigia kila jioni baada ya chakula, nikiamini kwamba ninakupunguzia mzigo. Nilikupa habari za nyumba nzima: nani ameposwa, nani amehama, paa linavuja wapi. Ulipojibu kwa mkato nilikukemea kwamba salamu hazikatwi kama uzi, nikakurudisha mwanzo, nawe ukaanza tena taratibu, kwa adabu. Baadaye ukaacha kupokea. Kisha simu yako ikawa haipatikani kabisa. Nilitangaza mezani kwamba umepanda ghorofa ukasahau ngazi. Dada yetu mshonaji alicheka, akasema fundi wa lifti ana haja gani na ngazi. Mimi sikucheka. Niliapa kwamba sitakutafuta tena.

Sasa mama. Kile kidonda cha mguu wa kushoto, ulichokiacha kikiwa kama kifungo cha shati, kimekula kisigino. Daktari wa upasuaji, mwanamke kijana asiyezungusha maneno, alituita Jumatatu akasema kwamba sukari imekwisha kuiharibu mishipa. Mguu ukatwe chini ya goti wiki hii, la sivyo sumu itapanda na hapo yeye hatakuwa na la kufanya. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akakataa. Alisema kwamba watoto wake wote wamekwisha kusema isipokuwa mmoja, na mguu wake hauendi popote kabla yule wa mwisho hajasema. Dada yetu akamuuliza kama mguu ni wake au ni wa kitinda mimba. Mama akajibu kwamba ulipokuwa ukijifunza kutembea ulisimama juu ya mguu huo huo, kwa hiyo una hisa.

Kiapo nikakivunja, nikapiga. Haipatikani. Nilipiga kwenye ngazi za hospitali, nikapiga uani penye kamba za mashuka. Haipatikani. Kila niliporudi wodini, mama alitazama mkono wangu wenye simu kabla ya kunitazama usoni. Jumanne vidole vya mguu ule vilikuwa vyeusi na homa ilikuwa inamtetemesha. Jioni hiyo alikubali. Alikubalije, nitakueleza, nipe nafasi nifike.

Jana alikuja mwenzako, yule fundi umeme mwenye kicheko kikubwa, amebeba mfuko uliompa alete. Nilimpokea kwenye korido ya hospitali na kabla hajakaa nikammwagia malalamiko yangu yote juu yako. Kicheko kikamwisha. Akaniuliza kama kweli sikuwa najua. Alisema, “Dada, ukimpigia mtu aliye nje ya nchi mwenye laini ya huku, wewe unalipia hadi mpakani tu. Kutoka mpakani hadi sikioni mwake analipa yeye. Ndiyo roming hiyo.” Nilimwambia asinitanie, anayepiga ndiye anayelipa, hata mtoto anajua. Akasema hapa nyumbani ndiyo, lakini simu ikivuka, haiulizi nani mkubwa.

Akanieleza mengine. Kwamba laini ile ni ya ofisi, na ofisi ilikuwa inakukata mshahara kwa kila jioni yangu. Kwamba msimamizi alikuonya, na mwishowe akaifunga laini. Kwamba laini ya huko haiuzwi bila kitambulisho cha mkazi, nawe chako bado unakisubiri. Alikushauri uniambie nisipige, ukamjibu kwamba dada aliyekulea haambiwi anyamaze. Mdogo wangu, kila nilipokurudisha mwanzo wa salamu, nilikuwa nakurudisha kwa jasho lako mwenyewe.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mama alikubali kwa sababu aliambiwa kwamba wewe umekubali. Jumanne, homa ilipopanda, nilisimama nje ya mlango wa wodi, mahali ambapo angenisikia, nikaiweka simu sikioni na kuzungumza nawe. Nilikuitikia marahaba. Nilingoja majibu yako. Nilikukemea hata kwa kunijibu kwa mkato, ili ifanane. Kisha nikaingia, nikamwambia kwamba umesema ukatwe, ila mtandao ni mbovu ndiyo maana hukuweza kuongea naye. Alifumba macho, akaomba wino, akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Na jana hiyo hiyo nikampelekea mfuko wako. Alivitoa vile viatu laini ulivyomnunulia, akavipapasa vyote viwili, akavipanga sawasawa juu ya shuka. Kisha akaniuliza, polepole, kwa nini mtu aliyesema mguu mmoja ukatwe amemletea viatu viwili. Mimi niliyesahihisha insha za watoto wa watu maisha yangu yote nililiona kosa katika yangu, nikavirudisha viatu mfukoni.

Leo asubuhi nimemwomba daktari angoje. Akasema atangoja hadi kesho, Ijumaa jioni, na kwamba hata huko kungoja si kwa faida ya mama. Nikimaliza barua hii nitaingia wodini nimweleze mama ukweli wote. Huenda akaikana alama ya kidole chake. Huenda asinitazame tena. Lakini hakatwi mguu kwa uongo wangu.

Fundi umeme anaondoka na basi la jioni. Kesho asubuhi atakuwa nawe. Yeye ana laini ya huko. Sikutaka mambo haya uyasikie kwa mdomo wake, ndiyo maana nimeyaandika. Ukishasoma, chukua simu yake unibipu. Ndiyo, ni mimi ninayesema hivyo. Bipu mara moja, ukate. Nitaiona namba na nitaipigia, na kwa kuwa laini ni ya huko, gharama itakuwa yangu kutoka kitandani kwa mama hadi sikioni mwako. Simu nitaiweka mkononi mwake, kisha nitatoka nje. Sikuambii umwambie nini. Nimekwisha kusema kwa niaba yako mara moja, na hiyo imezidi. Wala usifupishe salamu kwa kunihurumia.

Dada yetu mshonaji anakusalimu, na anauliza kama lifti za huko nazo hukwama. Wanawe wote wanakuamkia. Jilinde na vumbi.

Mama akishaamua, iwe ni kukata au kubaki, nitakuandikia mimi mwenyewe, na safari hii nitaandika alilolisema yeye.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa