Mama Mkwe, Ndizi na Figo za Mwanawe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba haijanivunjikia. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, figo zake zimechoka na anameza dawa za presha, na majuzi miguu ilimwishia nguvu akaanguka karakana, hospitali wakasema potasiamu imezidi kwenye damu na moyo unapiga kwa kusitasita, wakamkataza ndizi, juisi ya machungwa na chumvi mbadala, lakini akaniapisha nisimwambie mama yake habari ya figo, eti ataugua kwa kulia, sasa mama mkwe amekuja kukaa nasi na kila asubuhi anamsagia ndizi, chumvi ya kawaida kaitupa kanunua ile mbadala, jirani kamwambia inashusha presha, nikiondoa glasi ananiuliza mbele ya mawifi, “Hata tunda unamnyima mwanangu?” na mwanawe anainama anakunywa, na leo kashindwa kuinua nyundo, nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza nitamzika, nifanyeje?

Mke wa Fundi

JIBU

Mke wa Fundi, pole. Barua yako niliisoma nikakupigia simu papo hapo, maana nyundo ile haikuwa ya kusubiri gazeti. Umefanya vyema kumkimbiza hospitali, na nafurahi potasiamu imeshuka. Lakini kiapo gani hicho cha kumlinda mama kwa kumuua mwana? Wewe na mumeo, nyote wawili mmenikera.

Elewa, ili uweze kueleza. Potasiamu si sumu. Misuli na moyo haviendi bila hiyo. Tukishakula, insulini huisukuma iingie ndani ya chembe za mwili. Ya ziada hutolewa na figo kwenye mkojo, zikiamriwa na homoni iitwayo aldosteroni, itokayo kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Figo za mumeo zimechoka, na daktari amekueleza kuwa dawa yake ya presha hupunguza homoni hiyo. Kwa hiyo potasiamu inaingia, haitoki. Na hiyo chumvi mbadala imejaa potasiamu tupu! Inayomfaa jirani inaweza kuusimamisha moyo wa mumeo.

Dawa asiache kwa kujiamulia. Daktari ndiye ataipanga. Damu ipimwe kila anapoitwa. Viazi navyo vina potasiamu nyingi; vichemsheni, maji yake mmwage. Miguu ikilegea tena, hospitali moja kwa moja.

Kuhusu mama mkwe, uliniambia kwamba ulipomweleza pale wodini hakulia. Aliuliza tu, “Sasa nimpikie nini?” Dada yangu, huyo si adui. Mpeleke kwa mtaalamu wa lishe, akamuulize mwenyewe.