Kamba Nilizolegeza

Siku ya kwanza, tarehe 5 mwezi wa sita

Niko na miaka sabini na moja. Nimepita vita, kolera na mafuriko. Nimezika wapiga ngoma wawili. Baa ya Kalundu ambamo tulipiga kila siku ya posho, yaani Jumamosi, ziwa liliimeza. Minye ningali hai.

Leo tena repetisyo, mazoezi ya bandi, mu kiwanja changu, hapa Nyamianda. Wiki ya tatu. Bandi yetu, Mawimbi ya Kalundu, inatoa alibamu. Alibamu mupya! Miaka ishirini watu walisema tumekufa. Sadoki, mwimbaji wetu, ameota tumbo, lakini sauti iko palepale. Majirani wanajaa ku ukuta. Muke wangu Feza alicheza na sufuria mu mukono. Damu yangu inachemka.

Studio ni siku ya tano. Nyimbo tisa. Ya mwisho ni "Ningojee Kavimvira", ile watu wanaililia. Toka Uvira mupaka Bujumbura hakuna muntu wa kuipiga sawa minye. Hakuna.

Hiyo hatujaijaribu bado. Nimewaambia tunaiweka kwa mwisho.

Siku ya pili, tarehe 6

Nieleze vizuri, hapa mu daftari hakuna anayesoma.

Zamani gitare yangu niliikaza namna ya peke yangu. Kamba ya ine, nene kidogo, niliitoa. Niliweka waya mwembamba wa breki ya baiskeli. Zingine mbili nilizikaza ku sauti ninazozijua minye tu. Nikimaliza kupiga, nilikuwa ninalegeza kamba zote, mbele ya kushuka jukwaani, mwizi asichukue sauti yangu. Na bandi yote iligeuza mugongo nikilegeza. Niliwaamuru hivyo. Wapiga gitare wakubwa walificha kamba zao. Minye nilificha kuliko wote.

Bandi ilipovunjika, nilitundika gitare ku musumari. Miaka yote hiyo sikuigusa; nyimbo zingine ninazipiga na gitare ya kuazima, lakini ile ya mwisho bila kukaza kule haitoki.

Leo asubuhi nilifunga waya wa breki. Nikakaza. Si yenyewe. Nikakaza tena. Si yenyewe. Mupaka saa sita. Waya ukakatika, ukanichana kidole.

Nimesahau.

Nilifunga mulango vizuri sana, na minye ndiye niko nje.

Siku ya tatu, tarehe 7

Nimesikiliza kaseti yetu ya zamani. Imevutika, gitare inalia sawa mbuzi. Haisaidii kitu.

Sadoki aliuliza mbona siipigi. Nikasema kamba za siku hizi ni mbaya. Uongo. Akaniita yaya, kaka mukubwa, sawa zamani: "Basi tuitoe, yaya. Nyimbo munane zinatosha." Nilikasirika mupaka kofia ikaanguka. Alibamu bila ile wimbo ni sahani bila samaki. Na bila ile wimbo, minye ni nani? Muzee wa Nyamianda tu.

Feza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hata hakuinua macho. "Weye unajua muntu anayeijua."

Ninamujua. Eliya. Alipiga besi kando yangu miaka tisa. Siku moja, mu ndoa ku Nyakabere, nilimukuta anakaza gitare yangu sawasawa na minye. Nilimufukuza palepale, mbele ya bibi-arusi. Nilimwita mwizi. Niliapa sitasimama naye tena. Sasa Eliya iko Sange, analima mupunga.

Siendi.

Siku ya ine, tarehe 8

Nilienda.

Pikipiki, mavumbi, gitare ku mugongo. Nilimukuta anaanika mupunga. Amezeeka kunipita, hiyo ilinifurahisha. Aliniangalia, akaangalia gitare.

"Umekuja kunifunga, yaya?"

"Nyamaza. Nimekuja kusalimia."

"Na gitare?"

"Nayo inasalimia."

Muke wake alicheka mupaka akaketi chini. Walinipa wali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Nilikula kwanza. Kisha nikasema, nikiangalia sahani: nimesahau.

Nilifikiri atanisimanga. Hapana. Alipangusa mikono, akachukua gitare, akakaza kamba moja, ya pili, kisha akafunga waya mupya wa breki. Hakuhangaika hata kidogo. Kila Jumapili, siku ya Mungu, anakaza hivyo mu kanisa lake. Akapiga. Ngozi yangu ilisimama. Ile! Ile yenyewe! Nililia. Siandiki zaidi juu ya hiyo.

"Niliiba kweli," akasema. "Kama singeiba, kesho ungepiga nini?"

Nikamwambia achukue besi yake, tunaondoka. Muke wake alikuwa amekwisha kumufungia mufuko.

Siku ya tano, tarehe 9

STUDIO. Sijalala, sijala, sijali.

Fundi wa studio iko na mashini ndogo ya kupima kamba. Ku kamba zangu iliwaka nyekundu. Akasema gitare imepotoka. Nikamwambia aifunike hiyo mashini na kofia yangu. Akaifunika.

Nyimbo munane mupaka saa tisa. Kisha "Ningojee Kavimvira". Eliya kuume kwangu, sawa zamani. Tulipofika ku sebene, pale kuimba kunaisha na gitare inaongoza, Sadoki akaanza kuita majina yetu, na ya wale wawili tuliowazika. Vidole vyangu vilikimbia vyenyewe. Kile kidole kilifunguka damu, sikusimama. Mara moja tu. Hatukurudia.

Fundi akavua vile vya masikio. "Wazee, ni nani aliwafundisha?"

"Minye," nikajibu.

Kisha nikamuona Eliya. "Na huyu mwizi."

Nilipiga vizuri kuliko zamani. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Siku ya posho, tarehe 10

Asubuhi. Upepo wa ziwa. Eliya bado analala mu chumba cha watoto.

Jana, kazi ilipoisha, mukono wangu ulienda wenyewe ku funguo za kamba. Eliya aliona. Akageuza mugongo, sawa nilivyomwamuru zamani. Nikaondoa mukono bila kulegeza.

Sasa gitare iko ku musumari. Feza amepita na ufagio, ukagusa kamba. Zimelia. Ni zenyewe.

Mambo haya yote ni kweli. Anajua Sadoki, mwimbaji. Anajua Feza, muke wangu. Na anajua Eliya wa Sange, muntu mwaminifu.