Kikosi Kilichoshangilia Mkojo wa Merveille

Papa Merveille wangu,

Mwanao amelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Nimemwangalia kifua kinavyopanda na kushuka, nikakumbuka tulikopita.

Alipozaliwa hapa Kamina, wewe ulikuwa umeshapelekwa vitani mashariki. Hakulia. Wauguzi walimpulizia hewa mpaka akavuta pumzi, nami nikadhani yamekwisha. Kumbe kesho yake nepi ilikuwa kavu, na keshokutwa kavu vilevile. Kope zikavimba, miguu ikavimba.

Daktari alinikalisha chini. "Mama, wakati alikosa hewa, mafigo yake iliumia. Iliacha kazi. Lakini haiyakufa."

Akanieleza kwamba mashine ya kusafisha damu ya mtoto mdogo hivyo hapa haipo, na safari ya Lubumbashi asingeiweza. Wakaacha kumpa dawa moja inayochosha figo, wakampimia maji kidogo kidogo, na kila nepi ikapandishwa kwenye mizani. Ikabaki kungoja.

Unakumbuka simu zako? Kila ulipopata mtandao ulipiga, na swali lilikuwa hilo hilo: "Alisha kukojoa?"

"Hapana bado."

Siku moja nikakasirika. "Weye unajua tu ile neno moja?"

Ukasema taratibu, "Hapa bote banauliza, Mama. Hata komanda." Sikukuamini.

Halafu asubuhi moja muuguzi akaniita, "Mama, kuya uone!" Kwenye nepi palikuwa na doa dogo, la manjano iliyokolea. Akaiweka kwenye mizani, na mizani ikakubali. Nilisimama mikono kichwani. Vifigo viwili ambavyo hakuna mkono uliovigusa vilikuwa vimeamka vyenyewe, mle ndani, gizani, vikaanza kazi. Nimezaa, nimezika, lakini sijaona jambo kubwa kama lile doa. Mama wa kitanda cha pili alilia pamoja nami, na hatukuwa hata tumeulizana majina.

Nikakupigia. "Alikojoa."

Nilisikia umegeuka, ukapaza sauti kwa Kilingala chenu cha jeshi: "Asubi!" Yaani, amekojoa. Wanaume, sijui wangapi, wakapokea: "Asubi! Asubi!" Mtu akagonga sufuria. Watu wa bunduki, mbali huko, wakishangilia mkojo wa mtoto ambaye hawajawahi kumwona! Nikamwekea muuguzi simu sikioni. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mkojo uliongezeka, uvimbe ukashuka, tukarudi nyumbani hapa Base, kambini. Bado nampeleka kupimwa damu, mkojo na presha, kwa sababu figo iliyoumia mapema inaweza kusumbua baadaye. Mpaka sasa figo zake ni nzima. Anakimbia hovyo, anaongea Kiluba na bibi yake na Kilingala na watoto wa kambi, na mimi ananijibu kwa lugha anayoitaka siku hiyo.

Juzi aliuliza nani alimpa jina. Nikamwambia ni baba yake, na kwamba kwa Kifaransa maana yake ni ajabu. Kisha nikawafikiria wale wenzako wa kikosi walioshangilia. Naomba unitajie majina yao, mmoja mmoja, na hasa wale ambao hawatarudi makwao. Nataka mwanetu akue akijua kwamba kulikuwa na wanaume waliokuwa na kila sababu ya kuogopa, wakaacha woga wao kidogo ili wamfurahie yeye.

Jilinde, mume wangu. Ukipata mtandao piga, yeye ndiye atakayepokea.

Mkeo,
Mama Merveille