Mashini ya Tansio Ndani ya Abacost

Mama Mumba mupenzi wa ukurasa wa shauri,

Unisaidie, mi niko bibi ya raia, citoyen Mwape, shefu wa biro ku kampuni ya shaba, tunaishi hapa mutaa wa Golf, na hii shida siwezi kuipeleka kwa padri wala kwa mama mukwe, juu bote balisha kuanza kumuogopa bwana yangu, na kintu chenye banaogopa ni mupira.

Ilianza vile munganga alimupima tansio ya damu, leo ikawa juu, siku ingine ikawa muzuri, akasema, "Citoyen, nataka kujua damu yako inafanya nini muchana na usiku, ukitumika, ukikula, ukilala," akamufunga kitambaa ku mukono na kimashini ku mukaba, kinajijaza pumzi chenyewe, vrrr, kinapima, kinaandika, alafu pfff, kinatulia. Bwana yangu akavaa abacost, ile koti ya bakubwa ba chama, juu yake, akaenda ku mukutano wa chama. Pale muntu mumoja alisimama kulalamika kama unga imepotea ku soko, kimashini kikalia ndani ya koti, ule bwana akaangalia koti kama vile inanasa maneno yake, akasema, "Ni kusema, citoyens, unga iko mingi mpaka tunashindwa kuibeba," na bantu bote bakapiga mikono.

Munganga alipochukua kimashini yake, akasoma, akakunja uso. "Tansio yako haishuki hata ukilala. Ile njo mubaya. Dawa kila siku, chumvi kidogo, pombe na tumbako uache, na utembee kwa miguu." Mwape akaitika ndiyo, ndiyo, akarudi na motokari, akaomba samaki ya chumvi ya Kilwa, ile ya ku ziwa, pamoja na bia, dawa akaitia ku kabati, alafu akachukua kitambaa na mupira wa kufinya wa chupa yangu ya marashi, akajitengenezea mashini yake mwenyewe. Muntu akisema kintu chenye hapendi, anafinya ndani ya mufuko, pfff, na ule muntu anageuza maneno.

Mama, niseme ukweli, nami nilipenda. Ku mukate bananipitisha mbele ya foleni, na wifi yangu Germaine, mwenye hakunisalimia muzuri tangu ndoa, sasa anasifu bukari yangu, ugali ya kila siku.

Lakini Siku ya Mungu, tumetoka misa, tuko ku meza, bilauri ikamutoka mukononi, mudomo ukapinda, maneno yakatoka kama ya mulevi na chupa haiyafunguliwa, nikakimbia kumwita muforomo, muuguzi wa karibu. Muforomo akaingia, na Mwape akafinya ule mupira na mukono wenye ulibakia muzima, pfff! Muforomo akaweka mikono yake nyuma ya mugongo. "Tansio ya citoyen," akasema, "iko mufano kwa taifa nzima." Akatoka bila kumugusa. Nyuma ya kidogo mukono ukarudia, mudomo ukanyooka, na bwana anasema hakuna shida, muforomo alisha kusema. Nikimuvua ile kintu tutachekwa Lubumbashi muzima, pengine na kuulizwa maswali. Nikinyamaza, naogopa kumuzika. Nifanye nini?

Bibi ya Mwape

---

Pole sana, mama. Majina nimebadilisha. Yale ya mukutano na unga sikuyaelewa, na shefu wa gazeti pia anasema hakuyaelewa, njo maana ameyaacha yapite. Tuongee mukono.

Mukono wenye ulikufa ukafufuka, mudomo wenye ulipinda ukanyooka: usiite ile kupona! Damu ilishindwa kufika ku kichwa, ikakuonya. Inaweza kurudia leo, na mara hii isiondoke. Munganga hakumufunga mashini kwa urembo. Kuko tansio yenye inajificha mbele ya munganga na kupanda nyumbani, kuko na yenye haipumziki hata ndani ya usingizi, inachosha moyo, mafigo na kichwa, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Ile tansio haiko memba wa mukutano. Haiogopi pfff.

Na weye? Mukate bila foleni ulikuwa mutamu, eh? Na ile samaki ya chumvi, nani anaipika? Bwana yako anatishia muji muzima na chupa ya marashi, na we unamuongezea bukari!

Sasa fanya hivi. Acha gazeti hapa, umupeleke lopitali leo, hata kama anaimba na kucheza. Umwambie munganga yote: mukono, mudomo, dawa yenye inalala ku kabati, na ule mupira. Usimumezeshe dawa nyingi ati kulipa siku zenye zilipita, munganga njo atasema kipimo. Samaki utafute mubichi, na kikopo cha chumvi kitoke ku meza. Bia na sigareti zisiingie tena ku lupango, ndani ya kiwanja yenu. Munganga akiruhusu, ku biro aende kwa miguu, motokari ipumzike.

Bantu bakicheka, bacheke. Bakiuliza maswali, bapatie chupa ya marashi banuse.

Na akifika mbele ya munganga akikatala kuvua abacost, shika makasi, ukate mukono wa koti mpaka ku bega. Koti tutashona.

Mama Mumba