Tasnifu Mbili za Wanawake Wale Wale

Jumapili jioni, Buswelu. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Miguu inaniuma, kitenge kinanuka moshi, na leo nimeumbuka mbele ya watu wawili ambao bila sahihi zao sitamaliza shahada yangu ya uzamili.

Nina wasimamizi wawili. Profesa ndiye mkuu, mzee wa Kisesa, mpole, ananiita binti. Wa pili ni Dokta, mama wa kwetu Kagera, mkali kidogo, ananiita Koku kama wanavyoniita nyumbani. Utafiti wangu unahusu wanawake wanaonunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, wakawaanika na kuwauza. Profesa akisoma mahojiano yangu anaona wanawake wanaonyonywa na wenye mitumbwi. Dokta akisoma mahojiano hayo hayo anaona wafanyabiashara wanaojua wanachofanya. Wenyewe hawaivi chungu kimoja, hawakutani, na kila mmoja hunipa maelekezo kivyake.

Mimi nimelelewa nisibishane na mkubwa. Profesa akisema badilisha hitimisho, nasema sawa, mwalimu. Dokta akisema badilisha hitimisho, nasema sawa, mwalimu. Nilidhani huko mbele nitapata pa kuwakutanisha. Sikupata, na sasa kompyuta yangu ina tasnifu mbili, za wanawake wale wale, zenye mahitimisho yanayopingana.

Zote nimeziandika kwa bidii. Hilo ndilo linalonitisha.

Na muda umekwisha. Nyongeza niliyopewa ni ya mwisho. Muhula huu ukifungwa bila tasnifu moja waliyoisaini wote wawili, nafutwa. Ningeweza kuacha mwenyewe, nimewahi kulifikiria hilo nikiwa naosha vyombo. Lakini mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anamaliza, na shangazi zangu wameshachagua kitambaa cha sare. Ukiniuliza kama bado naupenda utafiti huu, sitakujibu upesi.

Wiki hii Profesa amefiwa na dada yake. Kwenda kwenye msiba wa mwalimu wako hakuna anayekutuma, unajikuta tu umeshajifunga kitenge. Tangu Ijumaa nimekuwa Kisesa nikichambua mchele na kukoka moto na akina mama wa ukoo. Sitajidanganya hapa: nilimsikitikia kwa moyo wote, na pia nilitaka anione.

Leo tumezika. Chakula kilipoiva nikapewa jagi na beseni ninawishe wageni chini ya turubai. Watu wa chuo walikuwa wamekaa safu moja. Nikafika kwa Profesa, nikapiga goti, nikamwagia maji, akaanza kujipaka sabuni. Ndipo nikaona kwamba aliyekaa kiti cha pili ni Dokta. Msiba hauna uadui. Alikuja kumpa pole mwenzake, wakaketishwa pamoja. Naye akaingiza mikono.

Profesa, kwa wema tu, akamwambia kwamba binti huyu amejitahidi, hitimisho lake la unyonyaji sasa limekaa vizuri. Dokta akageuka taratibu. Akasema hitimisho alilosoma yeye halina unyonyaji hata kidogo.

Huwezi kuondoa beseni mtu akiwa na sabuni vidoleni.

Nikaendelea kumwaga maji. Hakuna aliyefoka, msibani hakufokwi. Profesa alinitazama kwa macho ya mtu aliyelia siku nzima, akasema, "Binti, kwa hiyo kila mmoja wetu umemwandikia cha kwake?"

"Ndiyo, mwalimu. Naomba mnisamehe."

Kisha Dokta, kwa sauti ya chini: "Koku, na wewe mwenyewe uliona nini huko mwaloni?"

"Sawa, mwalimu," nikajibu.

Swali lilitaka jibu, mimi nikatoa utii. Nilijisikia vibaya kuliko kama wangenifukuza palepale. Profesa akakung'uta mikono, akasema nije ofisini Jumatano, watakuwepo wote wawili, na nije na tasnifu moja. Wageni wengine walikuwa wameshanyoosha mikono, nikasogea.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Na wao, na mama na tangazo lake la kanisani, na hiki kinywa changu kinachokubali kabla sijafikiri. Nimeoga, nimekaa, na tangu hapo najaribu kumjibu Dokta. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Kilichobaki ni hiki.

Niliona wanawake waliowachoka dagaa. Wenye mitumbwi hawajawafunga kamba, na wala hawaamki kila asubuhi wakachagua biashara hii upya kama Dokta anavyopenda kuamini. Wanarudi mwaloni kwa sababu kila mtu anawajua kwa dagaa, na wanaogopa kuulizwa kwa nini hawakurudi. Nilipowauliza kama wangependa kuacha, walitazamana, wakacheka, wakabadilisha mazungumzo. Kicheko kile hakimo katika tasnifu yoyote kati ya zile mbili. Hakuna aliyekitaka, nami sikumwambia mtu kwamba nilikisikia.

Maneno hayo ni machache na ni yangu. Jumatano nitayasema mbele yao wote wawili. Wakiyakataa, safari hii watakuwa wamekataa kitu nilichokiona mimi.

Ila namjua Dokta. Atanisikiliza hadi mwisho, atavua miwani, kisha ataniuliza swali ambalo nimekaa nalo hapa tangu jua lizame.

Niliwaona wanawake wale, au nilijiona mwenyewe?