Mama Mkwe Hapokei Simu Zangu Tangu Siku ya Wapendanao

Dada Agripina mpendwa,

Shikamoo kama umenitangulia, na kama tu rika moja basi pokea salamu zangu kutoka huku Kiomboi. Nina jambo ambalo nimeshindwa kulimaliza mwenyewe, na mimi na mume wangu tumefika mahali tukilianza tu mmoja anatoka nje, kwa hiyo nimeona bora nikueleze wewe usiyetujua, labda utaona tusichokiona sisi.

Naitwa Emiliana, ni fundi cherehani, mume wangu Enock ni mwalimu wa shule ya msingi, na tuna mtoto mmoja, Lea, yuko darasa la tatu. Lea alikua kwa shida. Tumbo lilikuwa linajaa, anaharisha, damu inapungua, wenzake wanarefuka yeye yuko vilevile, watu wakasema minyoo, wengine wakasema mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, tukazunguka naye sana mpaka daktari mmoja wa Dodoma akampima na kutuambia kwamba mwili wa mtoto huyu haupatani na ngano, wala shayiri, akila hata kidogo utumbo wake unaumia kwa ndani hata kama siku hiyo haonyeshi, na dawa ni moja tu, asile kabisa maisha yake yote. Basi tukaacha. Chapati, maandazi, mkate, tambi, biskuti, vyote vilitoka nyumbani kwangu, tukabaki na ugali, wali, mihogo na uji wa ulezi, na mtoto akanawiri, mpaka ikabidi nimshonee sare mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa fupi kwake, nikaishona huku nalia kwa furaha.

Sasa mama mkwe wangu, Mama Severina, anaishi Iguguno na kazi yake ni maandazi. Baba mkwe alifariki mapema, Enock na wadogo zake wakiwa bado wadogo, na maandazi aliyouza pale barabarani ndiyo yaliyowalisha na kuwavisha hadi Enock akamaliza chuo cha ualimu, na mpaka leo basi likisimama kuna abiria wanamuulizia kwa jina. Tulipomweleza habari za ngano alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nimelea watoto kwa ngano, hakuna aliyekufa," na sisi tukaliacha hapohapo. Akija kwetu nahakikisha Lea ameshashiba, tukienda kwake tunabeba chakula chetu tukisingizia hiki na kile, tukawa tunaishi kwa kukwepakwepa.

Mwaka huu Siku ya Wapendanao ilipoangukia Jumamosi, Enock akasema isiwe ya sisi wawili, tumwalike mama, maana tangu baba aondoke hana wa kumwambia kwamba anampenda, tule kifungua kinywa kikubwa cha familia. Nililipenda sana wazo hilo. Lea naye akaniambia, "Mama, naomba siku hiyo kila kitu cha mezani niwe naweza kula. Nisiulizeulize." Dada Agripina, neno hilo lilinikaa moyoni, nikasema mwanangu atapata meza hiyo hata nisipolala.

Nilichinja jogoo nikapika supu, nikachemsha viazi vitamu, nikakaanga mayai, nikapika uji wa ulezi kwa maziwa na kuutia asali, na mchele wa vitumbua niliutwanga mwenyewe kwenye kinu maana mashine ya mtaani kwetu inasaga na ngano. Vitumbua vyenyewe vilinisumbua, vilishika kwenye kikaango vikachanika, vile vilivyochanika nikavipanga chini na vizuri juu. Lea akakata papai vipande vya umbo la kopa, tukaweka juisi ya rozela nyekundu kwenye jagi la kioo, na mezani nikatandika kitambaa chekundu nilichokishona mwenyewe. Ilikuwa imependeza.

Mama akafika na basi la asubuhi, tukamwamkia, Lea akampokea mkoba, lakini ndoo aliyokuwa nayo hakutaka ipokelewe. Aliiweka mwenyewe katikati ya meza na kuifungua. Yalikuwa maandazi, na yote alikuwa ameyakata kwa umbo la kopa, moja moja, yameumuka vizuri, yamependeza kuliko kitu chochote nilichopika mimi. Akasema, "Nimesikia ni siku ya kopa. Nimeamka alfajiri kwa ajili ya mjukuu wangu."

Nikasema, "Asante sana mama, yamependeza kweli. Naomba niyaweke kabatini kwanza, tutayala sisi baadaye, maana haitakiwi hata makombo yake yaangukie kwenye chakula cha Lea." Nilisema kwa heshima, ila mkono wangu ulikuwa umeshaifunika ndoo kabla sijamaliza kusema.

Mama akaniangalia. "Kwa hiyo leo chakula changu ni sumu."

"Si hivyo, mama."

"Watu wanashuka kwenye basi kukitafuta. Mjukuu wangu wa damu ndiye asiyeweza."

Nikamgeukia Enock anisaidie, naye akasema, "Mama Lea, basi tena. Moja tu. Mama ametoka mbali."

Nilibaki namtazama mume wangu, nikijiuliza kama ni yeye niliyekaa naye kwenye benchi kule Dodoma. Kabla sijageuka, Lea alishanyoosha mkono, akafunua ndoo, akachukua moja. Akasema, "Mama usijali, nitakula. Bibi asihuzunike." Akalila lote huku akitabasamu na kumtazama bibi yake, na sisi watu wazima watatu tukamwangalia tu.

Haikufika mchana akaanza kutapika, tumbo likavimba, akajikunja kitandani analia kwa sauti ndogo. Mama mkwe alisimama mlangoni, hakuingia. Enock akaita bodaboda tukamkimbiza mtoto hospitali, wakamtundikia maji mpaka akatulia, na tuliporudi jioni mama hakuwepo. Vyombo vyote vilikuwa vimeoshwa na kupangwa, ndoo yake imeachwa jikoni, tupu. Jirani yangu Scholastika akaniambia alimwona akiyamwaga maandazi yote kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba na kuyafukia kwa jembe, halafu akaondoka kwa miguu kuelekea stendi, hakuaga mtu.

Mimi nikaona hiyo ni hasira ya mwisho, mtu mpaka anafukia chakula. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei. Za Enock anapokea, anauliza, "Mtoto anaendeleaje?" akijibiwa anakata. Enock anasema nimemdhalilisha mama yake mezani, niende nikapige magoti. Mimi nasema yeye ndiye wa kumwomba mtoto msamaha. Lea, ambaye sasa hajambo, juzi ameniuliza, "Bibi hatakuja tena kwa sababu nilitapika?" Na Pasaka inakuja, Enock anataka mama awepo. Je, niombe msamaha kwa kumlinda mwanangu? Na hayo maandazi niyaruhusu yaingie ndani ili tuwe na amani?

Emiliana, Kiomboi

---

Emiliana,

Marahaba, maana nimekuzidi, tena sana. Pole, na umpelekee Lea pole yangu.

Wewe na mumeo mnavutana juu ya nani ampigie nani magoti, na wakati huo mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyebeba mzigo wa watu wazima watatu. Alijua kinachomuumiza akakila, ili bibi asihuzunike na ninyi msigombane. Hilo ndilo linalonitisha katika barua yako, kuliko simu zisizopokelewa. Leo hii, wewe na Enock pamoja, mketi naye mmwambie kwamba hakukosea, kwamba bibi hajakimbia kutapika kwake, na kwamba tumbo lake si mahali pa kusuluhishia ugomvi wa wakubwa. Mfundisheni kusema, "Asante bibi, hiki siwezi," na mmhakikishie kwamba kusema hivyo si utovu wa adabu.

Enock, najua gazeti hili litafika mikononi mwako. Mama yako alikuwa hajaelewa. Wewe ulielewa, ulikuwepo daktari akisema, na bado ukatamka "moja tu" mbele ya mtoto anayekuamini. Kisha ukamwachia mkeo kazi ya kumkatalia mama yako. Jambo hili mkwe akilisema linasikika dharau, mwana wa kumzaa akilisema linasikika habari. Lilikuwa lako tangu mwanzo.

Na wewe Emiliana usidhani umepona. Kumlinda mtoto hukukosea, na kwa hilo usimwombe mtu yeyote msamaha. Lakini ulimwalika mpika maandazi kwenye meza isiyo na ngano bila kumwambia. Ukaacha aamke alfajiri, akande, akate kopa moja moja, apande basi, ndipo aje afunikiwe ndoo mbele ya mjukuu wake. Simu moja katikati ya juma ingemwokoa. Mlikuwa mmezoea kukwepakwepa, na hayo ndiyo matunda yake.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Unasema ni hasira. Mwenye hasira huondoka na ndoo yake, hakuoshei vyombo. Huyu alisimama mlangoni akaona mjukuu amejikunja, akaenda akachukua jembe akafukia kazi ya mikono yake mwenyewe, kazi iliyomlea mumeo. Alikuwa anahakikisha hakuna hata moja litakalobaki mtoto alipofikie. Simu yako haipokei kwa sababu anakuonea haya, na kwa mwanawe anauliza swali moja na kukata kwa sababu hajui cha kusema baada ya hapo. Hiyo ni aibu, Emiliana, na hofu ndani yake. Aibu ya mtu mzima haingoji Pasaka, ikikaa inageuka kuwa uadui kweli.

Jumamosi hii nendeni Iguguno, wote watatu. Msitume ujumbe, msimtume mtu. Enock ndiye aanze kusema, na kama nyumbani kwao husema Kinyiramba aseme hichohicho, ugonjwa wa mtoto aueleze taratibu mpaka mama yake aulize maswali na ayajibu. Akiri pia kwamba yeye ndiye aliyesema "moja tu", kwa sababu sasa hivi mama yule anaamini amemuumiza mtoto peke yake. Wewe zungumza la ndoo tu: "Mama, nilifunika vibaya, nisamehe." Usiongeze neno.

Kisha mwombe kazi. Mwambie vitumbua vyako vilishika kikaango na kuchanika, na usione haya kusema hivyo. Mwanamke aliyekaa na mafuta ya moto tangu ujana wake anajua moto wa kitumbua unatakiwa uweje, na wewe hujui. Mwombe aje siku moja kabla ya Pasaka apike yeye, jikoni kwako. Vifaa viwe vyako: kikaango kipya kisichowahi kuguswa na ngano, mafuta mapya ya alizeti, mchele ulioutwanga mwenyewe. Mafuta yaliyokaanga maandazi hayafai hata uyachuje, na kitu kisitoke kwenye meza yake ya biashara, maana vumbi la unga halionekani. Kabla hajakoroga anawe na abadilishe kanga. Akiuliza kwa nini, muelezeni. Biashara yake asiiache, abiria wa mabasi hawana kosa.

Kuhusu maandazi kuingia nyumbani kwako kwa ajili ya amani, jibu ni hapana. Si Pasaka, si Krismasi, si siku ya mgeni. Kanuni hiyo Enock aitamke mwenyewe mbele ya mama yake, mkiwa mmekaa, kwa sauti ya kawaida. Na safari ijayo ya kumrudisha Lea kwa daktari, mchukueni bibi mwende naye, asikie kwa masikio yake na aulize yaliyomkaa rohoni.

Jambo la mwisho. Mkifika Iguguno msiingie na maelezo mdomoni. Mtangulizeni Lea, na asifundishwe la kusema. Bibi yake anahitaji kwanza kumwona amesimama mbele yake mzima, amguse. Ninyi subirini nje mpaka awaite.