Maboga Juu ya Lori

Jumamosi, usiku

Nimempigia kelele mtu mzima. Mimi, ninayeshindwa hata kuitika nikiitwa jina kanisani.

Mjomba alinipa kamera yake, filamu imebakiwa na picha moja tu. Ikitoka vizuri, nibaki kumsaidia studio hapa Same. Isipotoka, Jumatatu niende Gonja kwa shangazi, nikafue mashuka ya hospitali. Kupiga picha watu siwezi, wakinitazama nashindwa hata kubonyeza. Ndiyo maana nilichagua lile lori la Wazungu wa shamba la mkonge, lililoachwa tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Maboga yamelitambalia lote, mengine yameingia mlangoni yakatokea dirishani.

Mama mwenye maboga alikuwa akipalilia karibu. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa.

"Unalipiga picha na uchafu huu? Watu si wataniona mvivu!"

Akaanza kunisafishia. Aling'oa majani, akapangusa boneti kwa kanga yake. Alifanya kwa wema, nami nikamwacha, hadi akashika yale ya dirishani.

"Mama, acha!"

Akaduwaa, mkono bado umeshika majani, akanitazama. Nikabonyeza.

"Kumbe una sauti, mwanangu," akasema. Sikujua kama amekasirika. Nikamwomba radhi, nikaondoka upesi.

Jioni Mjomba aliisafisha filamu, akaitazama negativu kwenye taa, muda mrefu.

"Huyu mama umemfanya nini?"

Nikamweleza. Hakucheka.

"Basi Gonja watafute mfuaji mwingine," akasema.

Inabidi nimpelekee yule mama picha yake. Sijui nitamwambia nini.